Wimbi Lililopita Kiinini

Katika nyumba ya Bi Mwanakuu, Mji wa Kale, aliye juu alimwita aliye chini kwa kupiga sakafu kwa mchi. Mara tatu maana yake njoo. Ndivyo alivyofanya bibi yake pia.

Bintiye Nabiha, aliyerudi masomoni akiwa na miaka arobaini na minne, aliazima chuoni mashine ya kupima mitetemo, akaiweka chumba cha chini na kuukataza mchi. Alimweleza mamake kwamba katikati ya dunia mna tufe gumu la chuma ambalo hakuna atakayeliona. Ardhi ikitetemeka upande wa pili wa dunia, mawimbi hulipenya tufe lile yakatokea huku, na mwendo wake ndio unaoeleza lilivyoumbwa.

"Kama kugonga nazi," alisema mama. "Subhanallah. Na mimi nikikutaka nipige tarumbeta?"

Simu macho yake hayakuiweza. Wakakubaliana aite kwa sauti.

Miezi kumi na moja Nabiha aliomba, kila baada ya sala, tetemeko kubwa lisilomdhuru mtu. Mashine ilikuwa irudishwe Ijumaa. Jumatano asubuhi habari ikamfikia: bahari ya Pasifiki imetetemeka, mbali na watu. Zilibaki dakika kumi na mbili wimbi lifike.

Alishuka mbio, akaketi mbele ya kioo cha mashine. Vistari vitatu vidogo vikainuka. Mkokoteni, aliwaza, akatoka uchochoroni kwa hasira. Kazungu, hamali, alikuwa amesimama na mkokoteni wake akijifuta jasho. Nabiha akamsihi asisogeze hata gurudumu.

"Kwani dunia imelala, dada?" Kazungu akamtania, lakini akatulia. Wakasimama pale wote wawili mpaka muda ukapita.

Aliporudi ndani, wimbi lilikuwa limeandikika safi. Alisujudu kushukuru, kisha akapanda ngazi kumpa mamake habari.

Bi Mwanakuu alikuwa chini, kando ya kitanda, roho imeshatoka. Mchi ulikuwa mkononi. Ncha yake alikuwa ameifunga kanga, mikunjo mingi, ili usitoe kishindo.

Siku ya tatu, baada ya khitma, Swafia, dadake marehemu aliyemwosha, aliomba aonyeshwe hicho kilichosubiriwa mwaka mzima. Nabiha akamwonyesha wimbi lililochapwa karatasini, akamwambia hili limepita katikati ya dunia. Swafia alilitazama kidogo tu. Kidole chake kikasogea nyuma, kwenye vile vistari.

"Na hivi?"

"Ni mama, khaloo. Aniita."

Swafia alisoma dua kimoyomoyo, akajipangusa uso kwa ushungi.

"Na wewe ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nje," akasema Nabiha. "Nikimnyamazisha Kazungu."