Shingo ya Shaba

"Alikubali!" Baba alipiga meza ngumi, mchuzi ukaruka ukaniunguza mkono. "Kijiji kizima kimemwona! Aliinamisha kichwa mwenyewe, akakubali. We nani hata ukatae kula?"

"Hakukubali."

"Filagro," mama akaanza, "mwanangu..."

"Mama, hakukubali! Baba anajua, na mimi najua."

Kati yetu lilikaa bakuli la nyama. Paja zima, fungu la heshima, maana sisi ndio tuliotoa ng'ombe wa sadaka. Tangu mavuno nilikuwa sijatia nyama kinywani, na harufu ile, nisiwe mwongo, ilinijaza mate. Hapo ndipo nilipozidi kuungua. Nilimchukia baba, kisha nikayachukia mate yangu mwenyewe. Kwa sababu nyama ile ilikuwa Shaba.

Shaba alikuwa maksai wetu wa plau, wa upande wa kushoto. Wa kulia ni Jivu. Tangu nina miaka kumi na miwili natembea nyuma ya mikia yao miwili, na sasa ndevu zimeniota. Kwetu hata kichaa wa sokoni anajua: anayelima hachinjwi. Mmetoka jasho pamoja, ni mwenzio huyo. Laana ya anayemchinja hutamkwa kila mwaka kwenye mfuo wa kwanza, kwa sauti, watu wote wamesimama. Na baba yangu, Lisanias, ndiye huitikia kwa nguvu kuliko wote.

"Keti," baba akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na ya baba ikishuka ndipo uogope. "Miaka mitatu shayiri yetu inaishia kwenye kifundo cha mguu. Umeiona au hukuiona?"

"Nimeiona."

"Mwaka juzi tumemzika dada yako, hajaota hata jino, kwa kuwa maziwa ya mama yako yalikauka. Siku kumi tu nyota za Kilimia zinazama, tunaingia shambani. Ulitaka nimpelekee Demetra, mama wa nafaka, nini? Kibuzi kinachokohoa? Miungu haipewi makombo, kijana. Nimetoa kilicho bora nyumbani mwangu."

Ubaya wa baba ndio huo: hata akikosa, hakosi neno la kweli la kukufunga nalo mdomo. Nilimtazama mama. Alikuwa amenipa mgongo, anakoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

"Sawa," nikasema. "Umetoa kilicho bora. Sasa kama ulitoa kwa moyo safi, mbona ulimficha shingo?"



Asubuhi ile baba alikuwa amesuka mashada kwa mkono wake, majani ya mzeituni na mabua ya shayiri, manene kama kamba ya kisima. Watu wote hupamba pembe. Yeye akapamba shingo. Chini ya yale majani kulikuwa na sugu la nira, halina unyoya, gumu kama soli ya kiatu. Kefisofo, mkuu wa kijiji, alipouliza, baba akamtazama usoni akasema ng'ombe huyu hajawahi kuvaa nira maishani mwake. Shamba letu liko peke yake nyuma ya kilima; wa kumbishia nilikuwa mimi tu, nimeshika kamba. Nikatazama chini.

"Uliniambia tunamtembeza tu!" Sasa na mimi nilikuwa nimesimama. "Eti apendezeshe maandamano, atakayechinjwa ni kondoo!"

"Ningekwambia kweli, ungekuja?"

"Ningemkimbiza mlimani!"

"Ndiyo maana sikukwambia." Akacheka kicheko kifupi, kikavu. "Ama kweli nimezaa. Watoto wa wenzangu wanalilia wanawake, wangu analilia maksai. Nenda zizini basi, ukamwambie Jivu akutafutie mchumba."

"Baba, usinichezee."

"Nani anakuchezea? Nakuuliza swali." Akainama juu ya meza, kidole usoni pangu. "Aliyemwinamisha kichwa ni nani? Mimi? Ulimi ule ulikuwa wangu?"

Mwiko wa mama ukasimama chunguni.

Ulimi ulikuwa wangu.

Pale madhabahuni walimnyunyizia Shaba maji kichwani, akatikisa kichwa. Wakamrushia shayiri, wakamnyunyizia tena, akatikisa tena, masikio yanapigapiga. Mnyama asiyeinamisha kichwa kuitikia hachinjwi, huo ndio utaratibu. Watu wakaanza kunong'ona. "Huyu hataki. Mrudisheni." Kefisofo akarudisha kisu kwenye kikapu cha shayiri. Nilipumua, naapa, nikalegeza kamba. Ndipo baba akanisogelea, akaniambia sikioni, "Mwite kama shambani." Macho ya kijiji kizima yalikuwa juu yetu. Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Nisiseme sikuelewa.

Nikagonga ulimi mara mbili, tlo, tlo, nikaweka kiganja katikati ya pembe zake.

Na Shaba akainama. Akainama taratibu, shingo yote, vile alivyoinama kila jioni kwa miaka saba mwisho wa mfuo wa mwisho.

"Alidhani namfungua," nikasema. Sauti yangu sikuitambua. "Siku imekwisha, namvua nira, twende kunywa maji. Hiyo ndiyo kukubali kwake, baba. Alidhani namfungua."

Baba akalisukuma bakuli mpaka likagusa kifua changu.

"Kula," akasema polepole. "Kefisofo amekula. Majirani wamekula. Ukila na wewe, jambo limezikwa. Usipokula, kesho wataulizana kwa nini mwana wa Lisanias alikataa nyama ya sadaka. Wakiulizana watajibiwa. Unanielewa? Watatutenga. Hatutapewa hata moto wa kuwashia jiko."

"Nakuelewa."

"Basi kula."

Nilimwelewa kweli. Alikuwa ananiomba, na hakuwa na namna nyingine ya kuomba ila ile ya kuamuru. Kama angeniomba jana, labda. Nikaugeukia ukuta, nikaiangua nira kwenye kigingi chake. Kwenye mkunjo wa kushoto manyoya mekundu ya Shaba yalikuwa bado yamenata.

"Unaipeleka wapi hiyo?"

Njia ya getini kwetu hugawanyika mara mbili: mkono huu shamba, mkono huu kwenye viti vya wazee, walikokuwa bado wanakunywa divai na kulamba vidole. Baba alizijua njia zote mbili, na alijua nira ile ingesema nini mbele ya wazee. Kwa mara ya kwanza maishani nikamwona ameogopa.

"Filagro! Nakuuliza, unaipeleka wapi?"

Mama alikuja akanitupia joho begani. Hakunizuia.

Nikausukuma mlango. Uani Jivu alikuwa amesimama peke yake kwenye hori, ameacha nafasi ubavuni kushoto, kama kawaida, ya mtu wa kuingia. Akasikia kamba za nira zikigongana begani mwangu. Akainamisha kichwa, taratibu, mpaka pua ikagusa vumbi.

"Umeona, baba?" nikasema. "Na huyu pia amekubali."

Nikatoka, nikafunga mlango.