Chanzo Hakijulikani

Kisu kilikuwa kimeshapita chini ya pezi la sangara wa ishirini na tatu asubuhi hiyo, Odeta alipohisi joto likimpanda kutoka magotini. Alilijua joto hilo. Likishapanda, moyo huanza kukimbia kama wa mtu anayefukuzwa, kisha sauti za wanawake wenzake husikika kama zinatoka ndani ya debe. Alikaza mapaja, akabana vidole vya miguu ndani ya gambuti, akaendelea kukata. Mnofu ukatoka mzima, bila mwiba hata mmoja. Kwa miaka tisa minofu yake ilikuwa ikitoka hivyo, na wageni walipokuja kukagua kiwanda, meza yake ndiyo waliyoonyeshwa.

Kisha mikono ikaanza kuwasha.

Hakuhitaji kutazama. Chini ya aproni na koti jeupe mabaka yalikuwa yakiinuka, moja kiwikoni, mengine begani, yamevimba, mapana kama sarafu, yakitafutana na kuungana.

"Dorotea," alimnong'oneza mwenzake wa pembeni. "Nisitiri kidogo nichuchumae. Dakika moja tu."

Dorotea aligeuka. Walikuwa wamesimama meza moja miaka minane. Walizoea kunywa uji kwenye kikombe kimoja wakati wa mapumziko. Alimtazama Odeta usoni, akashusha macho hadi shingoni.

"Yamefika shingoni," alisema, na kwa ncha ya kisu akaisogeza minofu yake upande wa pili.

Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho Odeta kuliona kabla ya kuanguka.

Msimamizi wao, Chenge, hakuwa mtu wa kufoka. Alimsubiri mpaka alipopata nguvu ya kuketi, akampa maji, akafunga mlango wa ofisi.

"Hii ni mara ya tatu mwezi huu, Odeta. Kuanguka naelewa, watu wanaanguka. Hiyo ngozi ndiyo siielewi. Wakaguzi wanakuja Alhamisi. Wakikukuta na kisu mkononi na shingo hiyo, wanatufungia."

"Haiambukizi, bosi. Baada ya saa mbili yanapotea yenyewe."

"Nani kasema haiambukizi?"

Odeta alivuta kola ya koti kufunika shingo.

"Niletee barua ya daktari," Chenge alisema. "Iwe na jina la ugonjwa. Yeremia si aliletaga barua ya fangasi? Nilimpa wiki mbili, akajitibu, akarudi. Mimi sina shida na ugonjwa wenye jina."

Miaka miwili alikuwa amelitafuta jina hilo. Zahanati walimpa dawa ya malaria, halafu ya minyoo, halafu vidonge vya mzio vilivyomtia usingizi mezani. Virusi vya UKIMWI alipimwa mara nne, na mara zote nne mumewe, Mihayo, aliyaomba majibu ayasome mwenyewe. Hayakumtuliza. Alihamia kwenye kochi la sebuleni, akasema ni kwa sababu ya joto la chumbani, na kochi likawa kitanda chake mpaka msimu wa mvua. Kilichomuumiza Odeta zaidi ni kwamba vipele vile havikukubali kutolewa ushahidi. Kila alipofika mbele ya mganga wa zahanati, baada ya kukaa kwenye foleni tangu alfajiri, ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto. "Mama, mbona sioni kitu?" waliuliza, naye akawa anajiona kama mwongo.

Safari hii alielekezwa kwa Daktari Rwekaza, mzee mwembamba wa Kihaya aliyekuwa akisikiliza huku amefumba macho.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Panda ulale hapo. Usiongee."

Alimlaza dakika kumi, akamhesabia mapigo: sabini na mawili. Akamwambia asimame bila kushika kitu. Baada ya dakika tatu yalikuwa mia na kumi na nane. Baada ya kumi yalikuwa mia na thelathini na moja, na Odeta alikuwa ameanza kuona giza pembeni mwa macho.

"Vumilia kidogo," alisema daktari. Kisha akavaa glavu, akamshika mkono, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

Yalikuwa yanatoka. Mbele ya macho ya daktari, moja, mawili, matano, yakipanda kuelekea begani. Odeta alishindwa kujizuia. Alicheka, na kucheka kukageuka kilio.

"Hayo ndiyo. Unayaona, daktari? Unayaona?"

"Nayaona, mama. Kaa chini."

Alimweleza polepole. Moyo wake wenyewe ulikuwa mzima. Kilichokuwa na hitilafu ni zile neva zinazoendesha mambo ambayo mtu hayafikirii: mapigo ya moyo, presha, jasho, joto la mwili. Akisimama, damu inabaki miguuni na moyo unahangaika kuipandisha. Anywe maji mengi, aongeze chumvi, asisimame muda mrefu.

"Huigizi," alisema. "Na wala hujarogwa."

"Na vipele?"

Daktari alivua miwani. "Vipele sijui. Baadhi ya watu wenye tatizo hili huvipata, nimewaona wengine wawili. Ukiwapima mzio, hakuna kitu. Kwa nini vinatoka, mimi sijui, na vitabu nilivyosoma havijanijibu."

"Kazini wanataka jina."

"Jina la tatizo la neva nitaandika. Nitaandika kwamba huambukizi mtu, na kwamba upewe kiti."

"Na vipele uandike ni sabuni ya kiwandani," Odeta alisema kwa sauti ya chini. "Au fangasi. Fangasi wanaielewa."

"Siwezi kuandika nisichokijua, mama."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayempa zawadi. Akaandika kwa mwandiko safi, akapiga muhuri, akamkabidhi barua kwa mikono miwili. Odeta alitoka ameikumbatia.

Jumatano Chenge aliisoma amesimama. Akairudia ameketi.

"Hapa panasema huambukizi mtu."

"Ndiyo, bosi."

"Na hapa panasema chanzo cha vipele hakijulikani." Aliyakandamiza maneno hayo kwa kidole gumba. "Kama hajui vinatoka wapi, anajuaje haviambukizi?"

Odeta aliinama kuyasoma maneno hayo tena. Kwa daktari jambo lile lilikuwa wazi kabisa. Hapa, mbele ya meza hii, hakulipata tena.

"Ungeniletea fangasi, ningekupa wiki mbili," Chenge alisema, na alionekana kusikitika kweli. "Ungeniletea mzio wa samaki, ningekuhamishia kwenye maboksi. Sasa hii niiandike wapi? Mkaguzi akiniuliza huyu ana nini, nimjibu hatujui?"

"Naomba stuli tu. Nikikaa, hayatoki sana."

"Nikikupa wewe stuli, kesho wanataka wote sitini."

Odeta alirudisha kisu, gambuti na koti. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Dorotea alikuwa amemtolea kitenge chake kabatini. Hakumpa mkononi. Alikiweka mwisho wa benchi, akarudi hatua mbili nyuma, akangoja Odeta akichukue.

"Nina watoto, Odeta," alisema. "Usinielewe vibaya."

Nyumbani, Mihayo aliisoma barua mpaka mwisho. Alipofika kwenye maneno yale aliyasoma kwa sauti, akaikunja.

"Si nilisema mimi? Hata daktari mwenyewe hajui."

Ijumaa asubuhi Odeta alishuka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki kando ya ziwa. Alipita kwenye chungu za dagaa waliokaushwa, akitazama wanawake waliokuwa wakiwachambua, na kitu kimoja tu ndicho alichokuwa akikitafuta: wote walikuwa wameketi. Kwenye banda la mwisho, karibu na jiko la mama ntilie, mfanyabiashara mnene aliyejifunga khanga mbili alikuwa akichambua peke yake mbele ya lundo lililomfika kifuani. Aliitwa Selina.

"Natafuta kibarua cha kuchambua," Odeta alimwambia baada ya salamu. "Mkono wangu ni mwepesi. Nimetoka kiwandani."

"Karibu, mayu. Hata leo unaanza." Selina alimwita mama kwa Kisukuma, kisha akamtazama vizuri. Jua lilikuwa kali, na Odeta alikuwa ametembea na kusimama sana. Mikono yote miwili ilikuwa imevimba mabaka. "Hee! Na hiyo ni nini?"

Barua ilikuwa ndani ya mkoba wake, na muhuri wake, kila neno lake kweli.

"Upupu," Odeta alisema. "Nimepita njia ya shambani kwa mjomba, huko Usagara."

"Upupu! Masikini wee!" Selina alicheka kwa huruma, akasogea kumwachia nafasi kwenye gunia. "Mimi ulinikamata utotoni, nililia siku nzima. Kaa hapa. Usijikune, utaueneza."

Aliinama kwenye jiko la jirani, akachota majivu yaliyopoa kwa kiganja. Kabla Odeta hajasema neno, alimshika mkono na kuanza kumpaka, kuanzia kiwikoni kushuka chini, akikandamiza na kuzungusha, akisimulia habari za mama yake na upupu wa Magu. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimejaa chumvi na magamba. Ilikuwa imepita miezi mingapi tangu mtu amguse hapo bila kuvaa glavu?

Majivu hayakupunguza mwasho hata kidogo.

"Mwasho unaondoka?" aliuliza Selina.

"Unaondoka," Odeta alisema, na akamnyooshea mkono wa pili.