Wasikilizaji wa Jumapili

Arvo alipokufa, alimwachia mama yake koti la ngozi, gitaa lililokatika nyuzi, na masanduku ya santuri. Koti Eila Lahtinen aliligawa. Gitaa alilisukuma uvunguni. Santuri zilimshinda. Kila alipozishika aliyatazama yale majalada yenye mafuvu, nywele ndefu na wasichana wenye macho makali, akajiuliza: kijana niliyemzaa mwenyewe, niliyeishi naye nyumba moja, alikuwa anasikia nini humu?

Swali hilo ndilo lililompeleka kwa Rejean Thibault.

Rejean alikuwa mchimba nikeli mstaafu, mnene, mwepesi wa kucheka, sikio lake la kushoto limeuliwa na baruti za mgodini. Pale Sudbury, mji wa migodi kule Kanada, nusu ya wazee wa rika lake walikuwa hivyo. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana watu wachache walishuka katika chumba cha chini ya nyumba yake, kila mmoja na wimbo anaoupenda, wakasikilizishana. Kanuni ilikuwa moja, na Rejean hakuwa na mchezo nayo: wimbo ukianza, midomo ifungwe. Hata ukiuona takataka, utangoja uishe ndipo utukane.

Na walitukanana kwelikweli. Bev Sawchuk, aliyeendesha basi la shule mpaka magoti yakamgomea, alipenda pop, zile nyimbo tamu za kuchezwa harusini.

"Bev, huu si muziki, hii ni sharubati," Rejean alimwambia.

"Sharubati inashuka, mzee. Ya kwako ni kutafuna kokoto."

Siku ya kwanza Eila alileta santuri iliyokuwa juu kabisa ya sanduku. Ilipoanza, alidhani mashine imeharibika. Gitaa lilipiga kelele kama msumeno uliokutana na msumari. Alitamani ardhi immeze. Lakini kwenye kochi la pembeni kijana mmoja mwembamba, kofia ya sufu imemshukia hadi kwenye nyusi, alikuwa amefumba macho huku akitabasamu.

"Mama, hii umeipata wapi?" aliuliza ilipokwisha.

"Ya mwanangu. Arvo. Ni marehemu."

Kijana akaisukuma kofia juu. "Basi alikuwa na masikio. Isikilize tena, ila usilifuate gitaa. Gitaa linakufukuza makusudi. Mtafute anayepiga besi. Huyo ndiye anayelia."

Jina lake Corey McIsaac. Rejean alirudisha sindano mwanzo. Eila akafumba macho, akamtafuta mpiga besi kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni, na katikati ya kelele zile akampata.

Ikawa hivyo majira yote ya baridi. Eila aliwaokea wenzake mkate wa iliki wa Kifini, Corey akichukua kipande kikubwa kuliko vyote bila haya. Naye Corey alimfungulia Eila mlango wa kila santuri ya Arvo: hapa ngoja, hapa cheka, hapa mwimbaji anadanganya na anajua anadanganya. Yule mwanamke aliyekuwa akigonga dari kwa mpini wa fagio ili mwanawe apunguze sauti, sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki akijifunza kumpenda mwanawe upya, akiwa amechelewa.

Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Eila aliona mikono mirefu ya shati ambayo Corey hakuikunja hata joto la tanuri la kupashia nyumba lilipozidi. Aliona anavyojikuna shingo, anavyokwenda chooni na kukawia. Arvo naye aliuliwa na unga. Alifia chumbani kwake na vipokea sauti masikioni, mama yake yuko chini anakanda unga wa mkate. Tangu mazishi, Eila hakutoka nyumbani bila ile dawa ya kupuliza puani inayomrudisha mtu aliyezidiwa. Ilikaa mkobani, pamoja na funguo.

Jumapili moja ya Januari, wimbo wa Bev ukiendelea, kichwa cha Corey kilianguka kifuani. Eila aliruka, akamtikisa bega.

"Mama Eila!" Corey alifumbua macho. "Nasikiliza, jamani! Kwani nimekufa?"

Wote wakacheka. Rejean alilazimika kuanza wimbo upya. Eila alikaa huku uso unamuwaka. Walipokuwa wakivaa mabuti mlangoni, Corey alimsogelea.

"Usinichunge hivyo mbele za watu, mama. Mimi si Arvo."

"Najua."

"Nimeacha. Tangu Krismasi, naapa."

Eila akaitikia kwa kichwa. Alitaka iwe kweli, akaifanya kweli.

Machi ilikuwa zamu ya Rejean. Alileta santuri ya rock ya ujana wake, wimbo mmoja uliojaza upande mzima. Bev aliuliza kama kuna mapumziko ya kula. Corey alifika wa mwisho, theluji mabegani, akapitiliza chooni, kisha akajitupa kochini.

"Kokoto tena, mzee?"

"Kokoto za dhahabu. Funga mdomo."

Sindano ikashuka. Wimbo ulianza polepole, kinanda peke yake, kama mtu anayenyata. Ngoma zilipoingia Eila alifumbua macho. Kidevu cha Corey kilikuwa kifuani. Mkono wake ulilala gotini, kiganja juu. Kifua kilipanda, kikashuka, kikakawia, kikapanda.

Eila akapeleka mkono mkobani. Bev alimwona, akatabasamu na kutikisa kichwa: mwache. Eila akavikumbuka vile vicheko. Akakumbuka "mimi si Arvo". Akautoa mkono mkobani, akaurudisha mapajani, akafumba macho. Ngoma zikazidi, magitaa yakazifuata, chumba kikajaa mpaka ukutani.

Sauti zilipopungua alisikia mkoromo wenye majimaji, kama sufuria inayochemka chini ya mfuniko. Ulikuwa upande wa sikio la Rejean lililokufa. Kisha mkoromo ukakoma.

Midomo ya Corey ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Eila alipiga kelele. Walimlaza sakafuni. Alimpulizia dawa pua moja, kisha ya pili, huku akimwita, na wakati mmoja likamtoka jina la Arvo. Rejean alipiga magoti, akamkandamiza kifua kama walivyofunzwa mgodini, jasho likimdondokea kijana usoni. Bev alikuwa kwenye simu, akitaja anwani, akiitaja tena. Muziki uliendelea. Hakuna aliyekumbuka kuuzima mpaka watu wa ambulansi waliposhuka ngazini na mmoja wao akausimamisha kwa kidole.

Hospitali waliurudisha moyo. Akili haikurudi. Dada yake, Shauna, alikuja kwa gari kutoka North Bay, akakaa naye siku chache, kisha akaridhia mashine za kumpumulisha zizimwe.

Siku hiyo Eila na Rejean walikuwa kwenye korido, kila mmoja na kikombe cha kahawa iliyopoa.

"Nilimwona mapema," Eila alisema.

"Sote tulimwona. Tulidhani anasikiliza."

"Mimi sikudhani, Rejean. Nilijua. Nikaona haya."

Rejean alimchukulia kile kikombe mkononi, akaenda kukimwaga.

Jumapili zikakoma hapo. Hakuna aliyetangaza. Bev hakupiga simu, Rejean naye alifunga mlango wa chini.

Theluji ilipoanza kuoza barabarani, Shauna alikuja kuchukua santuri ambazo Corey alikuwa akiziacha pale. Rejean alimwita Eila, kwa kuwa hakutaka kuwa peke yake naye. Shauna alisimama katikati ya chumba na koti lake, akilitazama kochi.

"Ilikuwa inapigwa nini?"

Rejean akainama. "Dada, mimi siwezi kuiweka tena."

Eila aliitafuta rafuni, akaiweka yeye. Kinanda kikaanza kunyata. Shauna alikaa kwenye ngazi.

"Aliipenda hii?"

"Hata," Rejean alisema. "Alisema ni muziki wa watu wasio na kazi."

Shauna akacheka. Alijifuta uso kwa mkono wa koti. Ngoma zikaingia. Akainua kichwa.

"Hapa alikuwa bado hai?"

Rejean alimtazama Eila.

"Ndiyo," Eila alisema. "Hapa alikuwa hai."

"Basi zima."

Eila akainua sindano. Alitaka kusema lililobaki, na maneno alikuwa nayo, lakini Shauna alikwishainama akilishika sanduku upande mmoja, anangoja mtu wa kumshikia upande wa pili. Eila akashika. Wakapanda nalo taratibu, ngazi kwa ngazi, hadi kwenye gari.