Gari Lililonguruma kwa Watu Wawili

Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza miaka mitatu pale Masolwa, karani wa tumbaku katika ofisi ya ushirika mjini Tabora, alipojitia wazimu akanunua gari jekundu la michezo. Lilikuwa la mzungu mmoja mpima madini aliyekuwa anarudi kwao. Gari fupi, limelala chini kama paka anayevizia panya, halina paa ila turubai, na nyuma lina buti la kumtosha mtu mmoja aliyekosana na miguu yake.

"Viti viwili tu?" aliuliza balozi wa nyumba kumi, akilizunguka mikono nyuma. "Na wananchi wengine watakaa wapi?"

"Watapanda kwa zamu, mzee."

Na kweli walipanda. Tangu alinunue, Masolwa hakuwahi kuliendesha peke yake hata hatua kumi. Gari la namna ile utamringia nani ukiwa peke yako? Leo kiti cha pembeni kakaa mwalimu, kesho muuza kahawa, keshokutwa shehe wa mtaa kashika kilemba kisipeperuke. Tatizo lilikuwa moja tu: likishachanganya mwendo, gari lilinguruma nyuma. Nguruuu, kama fisi aliyenyimwa mfupa, na likiingia shimoni likaongeza: ko! Mbuzi wa mtaa wa Ipuli walikuwa wanakimbia kabla hata halijatokea.

Angelivumilia hivyo hivyo, lakini wiki ile akaja Tabora mama Ngollo, mama yake Leonia. Leonia ndiye mchumba wa Masolwa, mwalimu wa shule ya msingi kwao Choma, kule Igunga. Mama alikuja kutibiwa macho, akafikia kwa dada yake Ipuli. Siku ya pili akasikia mngurumo barabarani, akauliza ni mnyama gani huyo. Akaambiwa ni mkwewe.

Sasa kwa Wasukuma wa kwao, mama na mkwewe wa kiume hawakaribiani. Hawali pamoja, hawaketi pamoja, na mmoja akiwa na neno hulituma kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wako hatua mbili tu. Basi ujumbe wa mama ulimfikia Masolwa kupitia kwa dada mtu aliyesimama mlangoni, mama mwenyewe akiwa ndani ametazama ukuta.

"Mwambie," sauti ya mama ikasema, "Alhamisi narudi Choma, na jioni hiyo hiyo wajomba wa Leonia wanakaa kunisikiliza. Wao wanasema kijana huyu ni mbwembwe tupu. Mwambie gari lake linipeleke, na dereva awe mtu mwingine. Likifika Choma bila kunguruma, nitasema mahari ipokelewe. Likinguruma, nitasema mtu asiyejua kinachomlilia mgongoni hatajua mkewe analia nini."

"Nimesikia, mama," Masolwa akajibu, amechuchumaa, macho chini.

"Hujasikia mpaka nikwambie mimi!" dada mtu akafoka, akarudia yote tangu mwanzo, na chumvi yake juu.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Masolwa, na jirani mmoja kiti cha pembeni, alilikimbiza gari moja kwa moja hadi gereji ya fundi Mabruki, mtani wake, mtu wa mjini, mikono imekolea grisi na mdomo haujawahi kufungwa tangu azaliwe.

"Babu yangu alibeba pembe ya ndovu begani toka Ujiji mpaka pwani, hakuguna," Mabruki alisema, akilitazama gari. "Hili lako linaguna toka sokoni mpaka stesheni, tena halijabeba hata nazi."

"Babu yako hakuguna kwa kuogopa bakora. Nitengenezee gari, Mabruki. Nitakosa mke."

"Utakosa mke kwa sura, usilisingizie gari." Hata hivyo alichukua spana zake. Ila alikuwa na sheria moja: akijaribu gari, mwenye gari habebwi. "Mwenye mgonjwa akiingia chumbani kwa daktari, daktari mkono unamtetemeka."

Akatoka peke yake mpaka stesheni, akarudi. Kimya. Hata hivyo, kwa alivyosimuliwa, akashuku difu, zile gia za ekseli ya nyuma, akamwaga oili ya zamani na kutia mpya. Akajaribu tena peke yake. Kimya kama msikiti saa tatu asubuhi. Jioni Masolwa akampakia muuza kahawa kumpa habari njema. Walipofika njia panda: nguruuu!

Jumanne Mabruki akalinyanyua gari kwa jeki, magurudumu yakaning'inia. Akayazungusha kwa mkono, huku ameshika mti mmoja mrefu, ncha moja kwenye ekseli na nyingine sikioni. Hakusikia kitu. Akabadilisha beringi ya gurudumu la kulia, akajaribu peke yake. Kimya. Jioni Masolwa akampakia shehe. Nguruuu! Ko! Shehe akaomba kushuka, akasema kutembea ni sunna.

Jumatano asubuhi wakagombana.

"Difu ikilia," Mabruki alisema akihesabu kwa vidole vyeusi, "sauti hubadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia. Beringi ikilia, hubadilika ukikata kona. Lako linabadilikaje?"

"Halibadiliki. Linanguruma tu mpaka nisimame."

"Mimi nikiliendesha linanyamaza, wewe ukiliendesha linanguruma. Basi si gari hilo, ni shahidi. Limekukataa!"

Masolwa alikuwa anatafuta tusi la kumtosha mtani wake pale mama Ngollo alipotokea, khanga mbili, miwani mipya, dada yake kamshika mkono. Masolwa akaruka nyuma ya pipa la oili.

"Mwangaluka," mama akasalimu, kisha akamgeukia Mabruki. "Mwanangu, nataka kulijaribu leo kabla ya safari. Sitaki kushtukizwa porini."

"Shikamoo, mama. Karibu kiti, mimi nitakuendesha."

"Marahaba. Mwambie na mwenyewe awepo. Sipandi gari ambalo mwenyewe kalikimbia."

Mabruki akatazama kiti cha dereva. Akatazama kiti cha pili, ambacho mama alikuwa ameshajaa ndani yake. Kisha, taratibu, akatazama buti.

"Hapana," Masolwa akasema nyuma ya pipa.

"Kuna kiti kingine umekificha?"

Kumbe kwa adabu zao hapakuwa na njia nyingine. Masolwa akajikunja butini, magoti kidevuni, kifuniko kimefungwa kwa kamba kikabaki wazi nusu. Kwa mara ya kwanza katika gereji ile, mwenye gari akabebwa kwenye majaribio.

Hawajafika mbali, ikaanza: nguruuu. Lakini safari hii Masolwa hakuisikia kwa mbali kama alipokuwa usukanini. Ilikuwa inamnguruma chini ya sikio la kulia, bati linatetemeka, linapata moto shavuni mwake, na harufu ya mpira ulioungua inampanda puani. Wakaingia shimoni. Ko! Pale pale, chini ya shavu.

"Simamisha! Mabruki, simamisha!"

Mabruki akasimamisha, akaja mbio na jeki mkononi.

"Weka jeki chini!" Masolwa akasema, akitoka butini kwa matako. "Chungulia lilivyo, hivyo hivyo na uzito wake. Na mwambie mama asishuke! Akishuka, ugonjwa unaondoka."

"Mama," Mabruki akaita, "umeombwa usishuke."

"Muulize mnatafuta nini chini yangu."

"Anauliza..."

"Nimesikia, lala chini wewe!"

Wakalala kifudifudi kwenye vumbi. Tairi la kulia lilikuwa limelikaribia bati la ndani la madigadi, karibu vibusiane, na pale penye busu bati lilikuwa limesuguliwa likang'aa kama kisahani kipya. Mabruki akapeleka mkono kwenye springi. Ilikuwa imeviringishwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, imekazwa vizuri, imepakwa grisi juu. Akachomoa kisu akakata. Jani la pili la springi lilikuwa limevunjika vipande viwili.

Mabruki akaugeuza mpira uliokatwa mkononi, akaunusa.

"Aliyelifunga hivi," akasema, "alilitibu kama mguu wa kuku. Mtu mmoja akipanda, springi inavumilia. Wawili wakipanda, gari linakaa chini na tairi linakula bati. Na mimi kila siku nalipandisha kwenye jeki, tairi linaning'inia mbali kabisa na madigadi, halafu naliendesha peke yangu."

"Na mimi sijawahi kuliendesha peke yangu."

"Kwa majivuno yako."

"Na kwa sheria yako."

"Mwambie," mama akasema kutoka juu, "mkimaliza kuombana radhi, jua linaniunguza."

Mchana ule hawakula. Mabruki aling'oa jani la springi kwenye pikapu mbovu iliyolala nyuma ya gereji, akalikata kwa msumeno, akalipeleka kwa Mfaume mhunzi likatiwa moto na kukunjwa mpaka likalingana na wenzake. Alipolifunga, akapakia magunia mawili ya mpunga kwenye viti, akapima kwa fimbo toka ardhini hadi madigadi, kulia na kushoto, akakuta sawasawa. Kisha gunia la kiti cha dereva akalihamishia butini, akaliendesha hadi Ipuli na kurudi. Mbuzi hawakunyanyua hata kichwa.

Alhamisi alfajiri wakaondoka, Mabruki usukanini. Basi la abiria lilikuwa limeshaondoka jana yake, na wajomba walitaka kumwona bwana harusi kwa macho, kwa hiyo Masolwa alirudi butini, safari hii na godoro la sufi. Wakaipita Nzega. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Vumbi jekundu likaingia butini kama limealikwa. Masolwa akabana pua, akabana mdomo, akashindwa.

"Limenguruma!" mama akasema.

"Hapana, mama, huyo ni mwenyewe. Amepiga chafya."

"Mwambie afunge mdomo. Nasikiliza gari."

Akafunga mdomo kwa maili zote zilizobaki, machozi yakimtoka, huku springi ikimbeba shimo baada ya shimo, kimya, laini.

Choma wajomba walikuwa wamekaa nje ya boma, na watoto walikuwa wamekwisha kulizunguka gari. Mama Ngollo akashuka, akajipangusa khanga, akasimama nyuma ya gari, mkono wake juu ya kifuniko cha buti.

"Halikuguna," akasema kwa sauti ya mkutano. "Toka Tabora mpaka hapa, na watu watatu. Kijana alikuwa hajui kinachomlilia, akajikunja akaenda kulala karibu nacho mpaka akakijua. Mimi namtaka huyo. Mahari ipokelewe."

Leonia akapiga kigelegele mlangoni, na wanawake wa jirani wakakidaka. Butini, Masolwa alitaka kuruka nje acheze. Ila angetokea uso kwa uso na mama mkwe, mbele ya wajomba wote, siku hiyo hiyo aliyokubaliwa. Akajilaza tena. Mama naye, akiwa hajafika kwake kwa siku kadhaa, akaanza kuulizia hali: nyumba hadi nyumba, kisha ng'ombe hadi ng'ombe, kwa majina.

Mabruki alipewa kibuyu cha maziwa, akaja kuegemea gari.

"Mabruki," buti likanong'ona. "Ameingia ndani?"

"Bado," Mabruki akasema, akipangusa masharubu. "Ndiyo kwanza amefika kwenye ndama."