Mto Nili Uko Juu Yetu

Kadar na mkewe Weris walitoka Masalani kwenda Kairo kumwona binti yao Ikran, anayesoma chuo kikuu huko. Siku aliyokuwa na mtihani, Ikran aliwafikisha kituo cha Dokki. "Pandeni treni hii ya chini ya ardhi, mshuke Sadat," aliwaambia. "Mto Nili uko karibu na hapo."

Njia nzima Weris alisogeza uso kwenye kioo, lakini nje palikuwa giza tupu. Walipotokea juu, Kadar alitumia Kiarabu chake cha madrasa kumwuliza muuza chai Nili uko wapi.

Mama yule akacheka. "Mmekwisha kuuvuka! Treni imepita chini yake."

Walitembea hadi darajani. Weris aliyatazama maji kwa muda mrefu. Yalikuwa mapana kuliko Mto Tana wa kwao, ambao huuvuka kwa mashua.

"Baba Ikran, haya yote yalikuwa juu ya kichwa changu nami sikujua? Turudi."

"Nyumbani?"

"Kwenye treni. Nataka kujua ni wapi hasa tunapita chini ya mto."

Safari hii Weris alifumba macho akasikiliza. Treni ilikuwa imeondoka Sadat kitambo kidogo aliposhika mkono wa mumewe. "Sasa," alisema.

Kadar akatazama dari. "Una hakika?"

"Wallahi sijui. Turudie."

Ikran alipopiga simu kuuliza kama wameuona mji, walikuwa wameuvuka Nili mara tano.