Mji wa Wanaokabidhi

Nafumba macho mchana kweupe, kamusi ya Kilatini kifuani, maana tangu nizisikie nyimbo za unyago za bibi yangu zikiimbwa redioni, na wanaume wakipiga makofi, kazi yangu ya kutafsiri nimeiacha, natafuta tu neno la kumwita Saumu. Bibi alinikabidhi nyimbo zile kwa sharti moja, zisisikiwe na asiyechezwa. Nami nikamfundisha Saumu, somo yangu, shoga wa kufa na kuzikana, kwa kuwa tulichezwa pamoja, naye ndiye aliyezipeleka redioni. Kamusi inazidi kuwa nzito, kifua kinafunguka kama mlango, naingia kwenye barabara isiyo na mwisho, na mbele yangu anatembea mtu asiye na uso, ana mikono tu, imepakwa hina. Tunafika Roma, au mji uliojivika jina hilo, watu wanapeana funguo, wanapeana watoto, wanapeana mateka, yote kwa mikono miwili, adabu tele utadhani wako ukweni. Hapa tunasema tradere, ananiambia, kukabidhi. Na usaliti je? Nenda mbele, mwaya, barabara ni ileile. Kweli ni ileile, mji unajirudia kama kwenye kioo, ila sasa Waitalia wanasema tradire, Wareno trair, Wafaransa trahir, mikono haijabadilika hata kidogo, lakini anayepokea ni adui, na anayetolewa ni rafiki. Hasira zinanipanda. Kikulacho ki nguoni mwako, nasema, Saumu simsamehe. Anacheka bila mdomo, ananionyesha vikongwe wanaowafundisha wajukuu nyimbo. Na hawa, anasema, Waingereza wanaita tradition, mila, neno limetoka humuhumu. Mzizi mmoja? Mmoja. Basi nitamjuaje anayenirithisha na anayeniuza? Tazama mikono inaelekea wapi, anasema, nami naona uchungu, kwani mikono ile naijua, hina nimeipaka mwenyewe.

Nashtuka. Hodi, somo. Ni Saumu, amesimama mlangoni. Umeninunia? Wa redioni walinibana, wallahi, nikaona haya kukataa. Halafu, somo, bado ule wimbo wa bibi wa kufungia ngoma, hujanifundisha, nifundishe usije ukapotea. Ananyoosha mikono yote miwili, kwa adabu, hina imekolea. Natafuta uso wake siuoni, jua liko mgongoni kwake. Nataka kumfukuza, nataka kulia, na sauti ninayoisikia ikianza ule wimbo ni yangu.