Aya Iliyomchekesha Mkewe

Mwandishi alivunja kwa kiwiko kioo cha mlango wa ofisi ya jarida la vichekesho, ingawa mlango wenyewe ulikuwa wazi. Hasira zilikuwa zimempanda tangu asubuhi, mkewe aliposoma ukurasa wa nne wa jarida hilo akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba watoto, hapa wamekupatia kwelikweli," alimwambia. Palikuwa na picha yake, kichwa "Mwandishi Mkuu Akiwa Kazini", na aya moja: mvua inalia, jua linaifuta machozi, moyo wa kijana unabisha hodi kifuani, hakuna anayefungua. Aliapa hatarudi nyumbani bila barua ya kuombwa radhi.

Mhariri, jitu la miraba minne ambaye wenzake walimwita Bwana Kicheko, alikuwa anakunywa chai. Hakupata nafasi ya kukiweka kikombe chini. Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo, chai ikammwagikia kifuani. Ya pili ikamlaza juu ya kurasa za toleo lijalo. Mwandishi akamkaba kwa tai ya mhariri mwenyewe.

"Nani kaandika uchafu huu?"

"Kaka, niachie nipumue, nitakwambia."

"Mimi naandika hivi? Mimi?" Akamgongesha kichwa mezani. "Mtoto wa darasa la pili hawezi kuandika upuuzi huu. Nitajie huyo mjinga nikamvunje vidole."

Mhariri akatema jino kiganjani. Mama msahihishaji, aliyekagua kila neno kabla halijachapwa, alikuwa ameshainuka. Hakupiga kelele. Alitoa kitabu kabatini, akakifungua palipowekwa karatasi, akakisukuma mpaka kikagusa ngumi yenye damu.

"Sisi tumeweka kichwa cha habari tu, mwanangu," alisema. "Mengine tumenakili. Nimelinganisha mwenyewe, koma kwa koma."

Kilikuwa kitabu cha kwanza cha mwandishi mwenyewe. Hakuwahi kukisoma tena tangu kichapwe, na popote alipoalikwa alijisifia kwamba yeye hageuki nyuma. Akasoma aya, akairudia. Mvua ilikuwa palepale, inalia. Aibu ikamchoma mpaka masikioni.

"Hiyo barua ya radhi," mhariri akasema kwa mdomo uliovimba, "tumwandikie nani?"

Mwandishi akampiga tena.